Mshono Haruki

Karatasi ya kwanza tuliikuta Jumatatu asubuhi, na niliichukia kabla sijamaliza kuisoma.

Ilikuwa nyeupe, imebandikwa katikati ya ukuta, herufi zote kubwa kama tangazo la mbwa mkali: MSHONO ANASHIKA UKUTA AKISHUKA NGAZI. HATAKI MTU AMWONE.

"Ya nani hii?" aliuliza Mwalimu.

"Si yangu," nikasema.

"Wala yangu," akasema Machozi. "Ila ningetamani iwe yangu." Sauti yake ilikuwa imeshaanza kulowa.

Hapa sina budi kueleza, maana ukuta wetu ulikuwa na sheria nyingi kuliko kambi ya jeshi. Sisi watatu ndio tuliokuwa tunaandika tamthilia ya televisheni iitwayo Mshono. Mshono ni mwanamke mwenye nguvu za ajabu: popote alipowahi kuumizwa na kushonwa, hapapenyi kitu tena. Risasi ikigonga kovu inarudi ilikotoka. Kwa hiyo maadui zake wanatafuta mahali ambapo hajawahi kuumia, na yeye hukaa jikoni kwake na kisu na chupa ya dawa ya vidonda, akijiuliza ajiwahi wapi kabla hawajamwahi wao. Watu walituangalia kwa sababu ya mizani. Walicheka jambo lisilochekwa, wakashika mikono ya viti kwa mapigano, halafu ghafla wakabaki na donge kooni, hawajui limeingia saa ngapi.

Mizani hiyo tuliipimia ukutani. Karatasi nyekundu ni mapigano. Nyeusi, tuliyoiandikia kwa chaki, ni utani wa msibani. Nyeupe ni kidonda, pale Mshono anapokuwa mtu tu kama wewe na mimi. Rangi moja isifuatane na mwenzake. Nyeupe ikitangulia nyekundu bila nyeusi katikati, nyekundu lazima ipunguzwe, maana huwezi kumwonyesha mtu anatetemeka halafu papo hapo arushe majambazi kumi. Na sheria kubwa kuliko zote: karatasi haing'olewi ila na aliyeibandika. Ukiichukia, bandika yako kando yake na ukae kimya.

Sheria zilikuwa za Mwalimu. Kabla ya televisheni alifundisha hesabu miaka kumi na minane, na huzuni ya watu aliiendesha kwa hesabu ileile. Machozi alikuwa wa karatasi nyeupe. Shingo ya fahali, zamani alikuwa akilinda mlango wa ukumbi wa disko, na hakuna mtu aliyewahi kutoka humo akijua kwamba yule baunsa hulia akiona kiatu cha mtoto kimeanguka barabarani. Mimi ni wa nyeusi. Waliniita Msiba. Kwenye mazishi ya baba yetu nilichekesha watu mpaka mchimbaji mmoja akaangusha koleo kaburini, ikabidi tumwombe marehemu msamaha na koleo vyote pamoja.

Na aliyekuwa ndani ya kinyago cha Mshono kila alipoanguka, kupigwa, kuburutwa na gari, alikuwa mdogo wangu wa kike. Kazini walimwita Paka. Kuna mwigizaji mwenye uso, yule wa kwenye mabango. Uso ulikuwa wa yule. Mifupa ilikuwa ya Paka.

Sehemu ya tisa ilikuwa na anguko kubwa kuliko yote: ghorofa ya nne, kinyumenyume, kupitia dirishani, kioo kinapasuka sekunde moja kabla yake, chini godoro la hewa. Lingepigwa picha Alhamisi. Kocha, mkuu wa mapigano, alikuwa amesema mbele za watu kwamba Paka akimaliza anguko lile, anakuwa msaidizi wake. Hajawahi kuwa na msaidizi mwanamke. Paka alilingoja neno hilo miaka tisa, na ubavu wake mmoja ulikuwa umeungwa mara mbili katika kulingoja.

Sasa, Jumatatu, siku tatu kabla, mtu asiyejulikana anaingia chumbani kwetu na kuandika kwamba Mshono anashika ukuta.

"Kuna mtu anataka anguko lifutwe," nilisema.

"Kuna mtu ana jicho," akasema Mwalimu. "Hii ni kweli. Mtu hatungi hii, mtu ameiona."

"Ameiona wapi?"

"Ndilo ninalouliza na mimi." Akanitazama juu ya miwani muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Chumba chetu hakikuwa na ufunguo. Korido yake ilielekea jikoni kwa chai, kwa hiyo kila mtu alipita: mafundi wa taa, mshona mavazi, madereva, watu wa Kocha wakiwa na barafu magotini. Yeyote angeweza. Nilianza kuwahesabu, na kadiri nilivyohesabu, kila mtu alikuwa na sura ya mtu aliyefanya.

Mashaka yangu ya kwanza yalimwangukia yule mrefu. Alikuwa binti mgeni, ametokea kwenye mazoezi wiki mbili nyuma, anasimama kando ya magodoro mikono kifuani, anamtazama Paka anavyotua. Haulizi kitu. Anatazama tu, kama mtu aliyekuja kuona nyumba ya kupanga wakati mpangaji bado anaanua nguo.

Jumanne ikaja ya pili: MSHONO HASIKII UPANDE MMOJA. ANAITIKIA KWA KUBAHATISHA.

Machozi aliisoma, akatoka kwenda kunawa uso.

"Msiba," Mwalimu akasema, "ikikaa hapa, mapigano ya sokoni yanapungua. Mtu asiyesikia hawezi kuzungukwa na watu sita akawamaliza wote."

"Mapigano ya sokoni Paka ameyafanyia mazoezi mwezi mzima."

"Basi fanya kazi yako."

Nikachukua karatasi nyeusi na chaki, nikabandika katikati: Jambazi anamtukana Mshono matusi ya nguoni, upande mbovu. Mshono anamgeukia kwa upole: "Asante, hata wewe umependeza." Kisha anamvunja mkono, kwa jambo lingine kabisa.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mapigano ya sokoni yakabaki na majambazi wake sita. Wakati wa chai nilimsomea Paka mwenyewe, jikoni, watu wamejaa. Wote waliangua kicheko. Naye alicheka. Alicheka nyuma ya wenzake kidogo, kama mtu anayetazama kwanza nyuso za watu ajue ni saa ya kucheka au ya kutoa pole. Nililiona hilo. Nikajiambia ni uchovu.

Jioni hiyo nyumbani tulikuwa tunaosha vyombo. Tunaishi pamoja tangu baba aondoke, mimi naosha, yeye anafuta, kwa sababu nikifuta mimi vinabaki na maji na yeye ananiita majina.

"Kuna mtu anakuchimba," nikamwambia.

"Nani?"

"Sijui bado. Anaandika ukutani kwamba Mshono mgonjwa. Nia yake anguko lifutwe, au apewe yule mrefu wenu."

Alifuta sahani moja muda mrefu. "Na kama ni kweli?"

"Nini kweli?"

"Kama Mshono kweli anaumwa. Kwani ni chuma? Si ndiyo mnavyotaka nyinyi, aumie kidogo watu walie?"

"Aumie sehemu ya kumi. Ya tisa anaruka."

"Umeng'ang'ania."

"Mtu anataka kukuangusha, mdogo wangu, mimi nikae nacheka?"

"Kwanza, kuanguka ndiyo kazi yangu. Pili, wewe hata bila sababu unacheka." Akanirushia kitambaa begani. "Kaka, hii tabia ya kuniokoa utaiacha lini?"

"Ukizeeka."

"Nimeanza kuhisi nitawahi kufa."

Nikacheka. Ilikuwa nzuri, nikaiandika kwenye kiganja cha mkono niipeleke ukutani kesho.

Jumatano tuliikuta ya tatu. Ilikuwa imebandikwa kabla tu ya karatasi nyekundu ya anguko, imeigusa: MSHONO ANAFIKA UKINGONI. HARUKI. ANASHUKA KWA NGAZI.

Feni ilizunguka. Machozi alikaa chini, kiti kikalia kabla yake.

"Hii," akasema, "ndiyo sehemu bora tuliyowahi kuwa nayo. Miezi yote hii anaruka, anaruka, anaruka. Siku moja anasema hapana. Jamani."

"Kwa hesabu iko sawa," Mwalimu akasema polepole. "Anguko linaondoka. Tunampa mwongozaji ngazi badala yake." Alikuwa ameshashika kalamu ya kutia saini. Mwalimu akitia saini ukutani, sehemu imefungwa.

"Mnafuta kazi ya mwezi kwa karatasi isiyo na mwenyewe?" niliuliza.

"Karatasi haiulizwi baba yake, Msiba. Inaulizwa kama inafanya kazi."

"Nipe mpaka saa sita."

"Nakupa mpaka chai."

Nilisogea nikaikagua ile karatasi kama askari wa mpakani. Sisi tulitumia pini. Hii ilishikwa na plasta, ile nyeupe ya kitambaa ambayo watu wa mapigano hufungia vifundo vya mikono. Nikarudi kwenye zile mbili za kwanza. Plasta. Siku tatu nimetazama maneno, sikutazama kilichoyashika!

Hapo yule mrefu akatoka kichwani mwangu, akaingia Kocha. Nani mwenye plasta? Kocha. Nani aliyeahidi cheo mbele za watu, pengine akajuta? Kocha. Nani anaweza kumtoa Paka bila kumtoa, mikono yake ikabaki safi, akasema "ni waandishi, mama, mimi ningefanyaje"? Yalipangika vizuri mno. Nilipaswa kuogopa jinsi yalivyopangika.

Nikaandika yangu. Karatasi nyeusi, katikati ya ile nyeupe na ile nyekundu: Mshono anageuka ashuke kwa ngazi. Ngazi zimeoshwa sasa hivi. Mwosha ngazi amesimama na fagio, anamtazama viatu. Kimya. Mshono anarudi dirishani: "Basi acha nife kwa amani." Anaruka.

Machozi, ambaye alikuwa anaomboleza, alicheka mpaka kamasi zikamtoka, akanilaani kwa kumchekesha. Mwalimu aliisoma mara mbili, akatikisa kichwa, akatia saini. Anguko likabaki. Nilikwenda kunywa chai nikitembea kama mtu aliyembeba mdogo wake mgongoni kutoka kwenye moto.

Alhamisi, saa nane mchana, tulikuwa kwenye jengo la ofisi lililohamwa, ghorofa nne za vumbi na waya. Chini, godoro la hewa lilikuwa linavuma. Juu, dirisha lilikuwa tayari na baruti zake ndogo pembeni mwa kioo. Waandishi hatuhitajiki siku hizo. Nilikwenda kwa ajili ya Kocha. Mfukoni nilikuwa na kipande cha plasta nilichokibandua kwenye karatasi ya kwanza. Karatasi yenyewe sikuigusa, sheria ni sheria, niliichomeka pini.

Nilimkuta kando ya godoro, redio mkononi. Mtu mfupi, mpana, goti moja halikunji.

"Kocha. Unaijua hii?"

"Plasta."

"Ya nani?"

"Ya dukani." Akanitazama. "Msiba, nina mtu juu dirishani. Kama ni kichekesho, kisome haraka."

"Umekuwa ukiingia chumbani kwetu kubandika karatasi. Unataka Paka asiruke."

"Mimi?" Alicheka kwa mshangao wa kweli, na hilo lilinikera. "Niingie kwenu? Watu watatu wanajadili huzuni chini ya feni moja? Nikitaka mtu asiruke namwambia usiruke. Lete hapa." Akaichukua ile plasta, akaigeuza juani. "Na hii si yangu. Mimi nakata kwa mkasi, na wote niliowafundisha wanakata kwa mkasi. Hii imechanwa kwa meno. Ona."

Niliona. Ukingo ulikuwa na vijishimo.

"Nani anachana kwa meno?" niliuliza.

Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Sote wawili tulitazama juu, dirisha la ghorofa ya nne, mahali ambapo mgongo mwembamba wenye nguo nyeusi ulikuwa umesimama kwenye ukingo, umetupa kisogo.

Mshono anashika ukuta akishuka ngazi. Nyumbani kwetu kuna ngazi tano tu za kuingilia. Wiki tatu nilikuwa namwona anazishuka ameshika ukuta, nikamwambia ukuta hauanguki, uachie.

"Wiki kadhaa hizi," Kocha akasema, kama anajisemea, "nikiongea naye anahama. Lazima awe kushoto kwangu. Nilidhani ni mambo yake ya bahati." Akaiinua redio. "Paka. Unanisikia?"

Redio ikakwaruza. "Nakusikia."

Mabega yake yakashuka kwa nafuu. Yangu hayakushuka. Anaitikia kwa kubahatisha. Kinyago cha Mshono kina mshono mnene wa ngozi upande wa kulia, toka nyusi hadi taya. Kisikizio cha redio hakiwezi kukaa upande ule. Hukaa kushoto, kwenye sikio lisilosikia.

Nikamnyang'anya redio. "Paka, leo siku gani?"

Kisha sauti ya mdogo wangu, changamfu, ya kikazi: "Nipo tayari."

Kocha alianza kupiga kelele kwa fundi wa baruti akae mbali na kibonyezo. Mimi nilikuwa ngazini.

Sina mapafu ya ghorofa nne. Nina mapafu ya kusimulia. Ghorofa ya pili nilikuwa naona nyota, ya tatu nilikuwa natambaa, na wakati wote kichwa kilikuwa kinanirudisha jikoni kwetu, asubuhi moja ya mwezi uliopita, Paka amesimama na kikombe: "Kaka, sikio langu linalia kama simu." Nami, bila kuinua uso kwenye uji: "Pokea, huenda ni kazi." Alicheka. Akanywa chai yake. Hakulitaja tena.

Nilipofika mlango wa ghorofa ya nne nilitaka kukimbia, nikakumbuka jambo, nikasimama. Kama hasikii "sasa" ya redioni, anaruka kwa ishara gani? Lazima alikuwa amejichagulia alama ya macho. Mkono wa mpiga picha, mweko wa baruti, mtu yeyote anayechomoka ghafla. Nikikimbia, mimi ndiye "sasa".

Kwa hiyo niliingia kama mtu aliyechelewa ibadani. Mikono chini. Hatua moja, nyingine. Nikapita mbele ya kamera.

"Nani huyo kwenye picha?" mwongozaji alifoka nyuma ya skrini yake. "Msiba! Una wazimu?"

Sikugeuka. Matundu ya macho ya kinyago yalikuwa yananifuata. Nyuma yake hakukuwa na kitu ila kioo, kisha mchana mtupu na mvumo wa godoro. Nilipofika hatua tatu kutoka kwake nikakaa sakafuni, kwenye vumbi, upande wake wa kulia.

"Umekuja kunichekesha?" akauliza.

Ninayo aibu kusema kwamba nilikuwa nacho kimoja. Kilikuja chenyewe, na kilikuwa kizuri. Nikakimeza. Nikatikisa kichwa.

Akangoja. Alikuwa amenizoea, alijua kinachofuata. Hakikufuata. Nilikaa tu, na ule ukimya ulikuwa mgumu kuliko ngazi, kwa sababu sikuwahi kumpa mtu ukimya maishani mwangu.

"Sehemu ya tano," akasema mwishowe. "Baruti ya gari. Ililipuka karibu. Kwanza likawa linalia, halafu likanyamaza kabisa. Halafu dunia ikaanza kuzunguka nikitazama juu. Hata sasa hivi inazunguka, kaka. Nimesimama hapa naomba isizidi."

Nikanyoosha mkono. Hakuushika.

"Nilikwambia wewe. Ukasema nipokee. Kumwambia Kocha nisingeweza, mtu wa kuanguka akisema anaumwa, kesho mahali pake yuko mwingine. Nikasema basi, niwaandikie ukutani. Pale mtu wa kubuni akisema anaumwa, mnamwamini. Mnalia kabisa. Niliandika haruki. Niliandika kwa herufi kubwa. Ukanirudisha dirishani kwa fagio."

"Nilidhani kuna mtu anakuchimba."

"Ulikuwa wewe."

Kocha alitokea mlangoni akiburuta goti, amekuwa rangi ya saruji. Alikuwa amesikia ya kutosha. Alikuja polepole kama mimi, akajipitisha kulia, akamshika mkanda wa kiunoni kwa mikono miwili, akamtoa ukingoni kama mtu anayeteremsha mtungi kichwani.

"Baruti ya gari niliipima mimi," akasema.

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu uliipima wewe."

Kocha akafungua mkanda, kifungo kimoja kimoja. "Leo haruki mtu," akasema. "Wala yule mrefu. Hospitali kwanza. Mengine..." Hakuyamaliza mengine, na Paka hakumuuliza. Nililiona hilo neno la msaidizi likipita katikati yao bila mtu wa kulishika.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba chumba kimetulia kupita kiasi. Mwongozaji ni mwanamke anayefoka mtu akikohoa. Amepoteza anguko, mchana mzima, na watu arobaini, na hafoki. Mwongozaji akinyamaza wakati wa hasara, jua amepata kitu. Nikageuka. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.

"Mdogo wangu," mwongozaji akamwambia Paka, anamjia kwa nyayo laini, "sikutaka kuwakatiza. Umevaa kinyago. Hakuna atakayejua ni wewe. Ni Mshono, yuko ukingoni, anasema dunia inazunguka. Watu wata..." Akashika kifua. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini. Msiba, wewe mwandishi. Mwambie."

Wote wakanitazama. Na kichwa changu, laana ikishukie, kilikuwa kimeshaanza kupanga: nyeupe hapa, nyekundu imeondoka, nyeusi ndogo inakaa wapi. Mizani ilikuwa sawasawa. Hatujawahi kuwa nayo sawasawa namna ile.

"Ni nzuri kuliko chochote tulichowahi kuandika," nikasema. Nilimtazama Paka. "Lakini hii hatukuiandika. Ni yake."

Alivua kinyago. Nywele zilikuwa zimelowa, upande mmoja wa uso una alama ya mshono wa ngozi. "Futa," akasema.

"Fikiria kwanza..."

"Nimefikiria wiki tatu. Futa."

Mwongozaji alimtazama mpiga picha, akainua mabega. Mpiga picha akabonyeza.

"Fungua nione," Paka akasema. Akaona. "Haya, na ya pili."

"Ya pili ipi?"

"Iliyoko chini, inayotazama dirisha. Nimesimama pale nusu saa, unadhani siioni?" Akangoja mpaka redio ikajibu kutoka chini. Kisha akamnyooshea kidole kijana wa sauti, aliyekuwa amejikunyata nyuma ya nguzo na vipokea sauti shingoni. "Na wewe."

"Mimi sina picha, dada."

"Una maneno. Ndiyo hayo."

Walifuta vyote, na kila kimoja alikiinamia mwenyewe kuhakikisha. Mwongozaji alisimama dirishani ametupa kisogo, hakuaga.

Chini, dereva alikuwa ameshawasha gari la kwenda hospitali. Nilimfungulia Paka mlango. Hakuingia.

"Na wewe?" akasema.

"Mimi sina kamera."

"Una kichwa."

Nilitaka kumwapia. Maneno yalikuwa tayari, mazuri, yenye baba yetu ndani yake. Lakini alikuwa ameshanisikia nikiapa mara nyingi kwa sikio lake zima, akajua viapo vyangu vina uzito gani. Nikamwambia kweli: sijui nitayafanya nini niliyoyasikia.

Alinitazama kwa kitambo, jinsi anavyotazama ghorofa kabla hajakubali kuiruka. Kisha akaingia, akasogea mpaka mwisho wa kiti, akaniachia nafasi.